Shangazi Alivyomshonea Rais Sare

Shangazi yangu ana maadui wawili tu hapa duniani: nguo iliyobana, na mtu anayesema "njoo wiki ijayo." Waliobaki wote anawapenda, ila hajawahi kuwaambia, na kwa jinsi anavyowasema usingeweza kubahatisha.

Ni fundi wa kushona. Kibanda chake kiko chini ya reli. Ukitoka stesheni unateremka ngazi za zege zilizolika, unapita kwa kinyozi na kwa muuza mkaa, halafu unaisikia cherehani kabla hujaiona. Mlango una mbao mbili lakini hufunguka ubao mmoja, kwa sababu wa pili umezibwa na meza ya kukatia. Ndani kuna joto la pasi, harufu ya kitambaa kipya, na vipande vya uzi ambavyo utaondoka navyo kwenye suruali utake usitake. Hashoni magauni ya harusi wala suti. Anashona sare za shule, na alikuwa akizishona kabla sijazaliwa, na mimi sasa nina mvi.

Mtaani wanamwita Mama Pindo, na jina hilo alilipata kihalali. Kila nguo anayoshona ina pindo pana la kukunjuliwa mtoto akirefuka, pana kiasi kwamba kitambaa kilichofichwa humo kingetosha kofia na chenji ikabaki. Mtoto wa darasa la kwanza akivaa kaptula ya Shangazi, itabidi umtazame mara mbili kujua kama ni kaptula au ni suruali. Mimi nilizivaa kaptula hizo. Nilikuwa nikikimbia, kaptula inachelewa kidogo, halafu inanifuata. Siku moja nilimlalamikia. Akanitazama juu ya miwani, pini zikiwa mdomoni.

"Nguo haijakosea," akasema. "Wewe ndiye umechelewa kukua."

Pindo lile lina historia yake, na historia yenyewe inamhusu rais. Zamani hapa mjini shule ilikuwa moja, kilimani, juu ya reli, na watoto wa chini ya reli hawakupokelewa. Haikuwa siri. Palikuwa na ubao langoni ulioandikwa hivyo kwa rangi nzuri. Hospitali ilikuwa na mlango wao na mlango wetu, na posta ilikuwa na dirisha lao na foleni yetu. Watu wetu walipanda kilima asubuhi kufua, kufagia na kulea watoto wa wenzao, jioni wakashuka. Kisha akaja Mrefu.

Mrefu ndilo jina tulilompa rais yule, kwa kuwa alilazimika kuinama kwenye kila mlango. Sheria yake ya kwanza ilikuwa ya kushusha mbao zote za aina ile na kufungua malango ya shule kwa mtoto wa mtu yeyote. Shangazi wakati huo alikuwa msichana mkubwa, ameshajifunza ushonaji barazani kwa fundi mmoja. Siku ya kuandikishwa alioga, akajipaka mafuta, akapanda kilima pamoja na watoto wadogo wa mtaa mzima. Watoto wakapokelewa. Yeye akaambiwa umri umempita, akashuka peke yake.

"Ulilia?" niliwahi kumwuliza.

"Nilie nini? Nilikuwa na gauni la mtu mezani."

Alilia. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, aliniambia kwamba gauni lile la mtu lilitoka na mkono mmoja umeshonewa ndani nje.

Sasa, shule iliyolazimishwa kufungua lango haikosi kutafuta upenyo wa kulifunga, na upenyo ulikuwa sare. Mtoto akija na sketi iliyopanda juu ya goti alirudishwa nyumbani, na watoto wana tabia mbaya ya kukua. Wazazi wetu hawakuweza kununua sare mpya kila muhula. Ndipo Shangazi alipoanza kulaza mapindo yake. Mtoto akirudishwa asubuhi alipitia kibandani, pindo likafumuliwa, likapigwa pasi, na kipindi cha pili kikamkuta darasani. Mwalimu mkuu wa enzi zile alichoka kabla ya Shangazi. Watoto wa chini ya reli walikuwa wakirefuka na nguo zao zikirefuka nao.

Kwa hiyo picha ya Mrefu ipo ukutani kwake, juu ya cherehani, na hataki kusikia neno baya juu yake. Mimi husema. Mrefu alifungulia watoto shule, halafu akawafungia waandishi wa magazeti jela, na alikaa Ikulu mpaka kiti chenyewe kikachoka. Uchaguzi wake wa mwisho nilikwenda kupiga kura kwenye sanduku ambalo naamini kabisa lilikuwa limeshashiba. Nikimwambia hayo, Shangazi hukanyaga cherehani kwa nguvu asinisikie. Akifika mwisho wa mshono huinua kichwa.

"Na hayo maneno makubwa umejifunzia wapi?"

Nilijifunzia kilimani, ndani ya kaptula yake.

Basi huyo ndiye Shangazi. Kisa chenyewe kinamhusu mjukuu wake, mtoto wa binamu yangu anayefanya kazi mji wa mbali. Binti huyo amelelewa kibandani, chini ya meza ya kukatia, na tangu mdogo tunamwita Profesa. Alikuwa mtoto wa kusahihisha watu. Ukimwambia jua limezama, anakuambia jua halizami, ni sisi tunaogeuka. Shule alikuwa haguswi. Mwaka wake wa mwisho ulipoanza, akapata mimba. Kijana aliyehusika aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na naona bado anaitafuta.

Nyumba nzima iliumia, nisifiche. Binamu yangu alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Majirani, ambao hawakuwahi kusaidia kumlea, waligundua ghafla kwamba walikuwa walezi. Shangazi alisema mara moja tu, "Kuteleza si kuanguka," kisha akakata kitambaa cha nepi. Mtoto alizaliwa mnene, mwenye sauti, akafanana na Shangazi hasa akiwa amekasirika.

Kati ya sheria za mwisho za Mrefu ipo ile inayosema binti aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani. Ipo, haijafutwa. Lakini sheria bila mtu wa kuisukuma ni kama baiskeli bila miguu. Mwalimu mkuu wa sasa ni mtu mpole, mwenye leso safi, anayeiogopa kamati ya wazazi kuliko anavyomwogopa Mungu. Shangazi alipokwenda kumwona mara ya kwanza, alimkaribisha kiti akamwambia anasubiri mwongozo. Mara ya pili mwongozo ulikuwa njiani. Niliandamana naye mara ya tatu, kwa ajili ya magoti yake, maana kilima kile hakina huruma na watu wazima.

"Mama yangu," mwalimu mkuu akasema, "mimi binafsi sina tatizo. Tatizo ni wazazi. Watasema tunafundisha nini hapa."

"Waambie mnafundisha hesabu."

"Naelewa, mama. Njoo wiki ijayo."

Shangazi akashika ukingo wa meza ya watu, nikadhani ataipindua. Alichokuwa akikiogopa nilikijua. Majina ya watahiniwa yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi ule. Jina la Profesa lisipoingia, ni mwaka mzima nyumbani, na mwaka mzima nyumbani una mdomo: unasema mtoto amekua kidogo, tafuta kazi kwanza, utasoma baadaye. Shangazi aliijua hiyo "baadaye." Alikuwa ameishi ndani yake maisha yake yote. Sare ya Profesa ilikuwa tayari, imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari kando ya picha ya rais, na yeye Profesa alikuwa akiipita kama mtu anayempita mdai wake barabarani.

Katika hali hiyo ndipo kamati ya maandalizi ilipoingia kibandani. Ilikuwa kamati ya mtu mmoja, ofisa wa manispaa tunayemwita Bwana Itifaki, mwenye koti hata wakati wa joto. Manispaa ilikuwa imechongesha sanamu ya Mrefu isimamishwe kwenye uwanja wa shule, ya kumkumbuka kwa haki za watu na elimu, na mgeni rasmi angekuja kuifunua. Alileta jora la kitambaa cha bluu, kilekile cha sare, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo stoo.

"Tunataka ushone kitu cha kumfunika," akasema. "Kimkae vizuri. Kisipeperuke."

"Kimkae vizuri," Shangazi akarudia.

"Vizuri kabisa."

Hayo ndiyo maagizo aliyopewa, na mimi ni shahidi, kwa sababu nilikuwapo nikisubiri kuwekewa kifungo. Kamba haikutajwa. Bwana Itifaki alidhani kila mtu anajua kwamba sanamu hufunuliwa kwa kuvuta kamba, kitambaa kikaruka juu, watu wakapiga makofi. Shangazi hakuwahi kuona sanamu ikifunuliwa. Alijua jambo moja tu kuhusu viumbe wenye kichwa na mabega, nalo ni kwamba wanapimwa.

Alikwenda kumpima. Nilikuwa nimekodiwa kufunga vipaza sauti siku ya sherehe, hiyo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo tuliongozana, mimi nikitafuta pa kuweka spika. Sanamu ilikuwa nyuma ya uzio wa mabati, imesimama chini, kando ya jukwaa la saruji ambalo lilikuwa bado halijakauka, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kama anayemsalimia mtoto. Shangazi akaiangalia juu, kisha chini.

"Huyu nani?"

"Ndiye yeye," mlinzi akasema.

"Mrefu? Huyu? Mbona namfikia kwenye paji?"

"Nasikia shaba ilipungua, mama."

Shangazi akasonya, akatoa tepu shingoni. Alimpima kifua, kiuno na mabega, na kila aliposogea alisema "samahani, Mheshimiwa," hasa kwenye kiuno. Mkono ule ulionyooshwa aliupima mara mbili, akausifu kwamba umetulia. Wateja wake wa kawaida hawatulii.

Nilipopita kibandani siku chache baadaye, nguo ilikuwa imekaribia kwisha. Ilikuwa na kola. Ilikuwa na mikono miwili, mmoja umeshonwa kufuata ule ulionyooshwa, na kishikizo kifundoni. Mgongoni, kutoka shingoni hadi chini, palikuwa na safu ya vifungo, na kila tundu la kifungo limekazwa kwa mkono.

"Shangazi, ni kitambaa cha kufunika tu. Atakivaa kwa muda mfupi halafu anavuliwa."

"Ndiyo maana nimeweka vifungo. Mtu mzima akivuliwa mbele za watu, avuliwe kwa adabu."

"Na hilo pindo? Sanamu haikui."

Akalitazama pindo kama vile limeshonwa na mtu mwingine. "Mkono umezoea," akasema, na ikabidi acheke mwenyewe. Profesa, aliyekuwa akinyonyesha kwenye mkeka, alisema kwamba kisayansi shaba hutanuka kwa joto, kwa hiyo Bibi hajakosea sana. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisahihisha mtu tangu ajifungue. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya sherehe walikuja watu wengi. Waalikwa walikuwa na kadi na viti na turubai. Watu wa chini ya reli, waliokuja kwa wingi kwa sababu Mrefu ni wao, walisimamishwa juani, nyuma ya kamba. Mrefu alishusha ubao, manispaa ikapandisha kamba, na Bwana Itifaki hakuona ajabu yoyote. Shangazi alikuwa mbele kabisa, kitukuu mgongoni, Profesa ubavuni mwake akiwa na gauni la kawaida na uso wa mtu anayetamani kuwa kwingine. Lango lilikuwa wazi kwa wote siku hiyo, ndiyo maana aliweza kuingia.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mwalimu mkuu alisoma yake akijifuta kwa leso, akasema Mrefu alituachia mlango usiofungwa. Nilimwona Shangazi akimtazama jinsi anavyotazama mshono uliokwenda upande. Hatimaye mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa kutoka wizarani, akakaribishwa kuifunua sanamu. Vibarua, waliompandisha jukwaani akiwa ameshavikwa na Shangazi, walikuwa wamefunga kamba kwenye kola asubuhi ile, wakaipitisha juu ya nguzo, bila kujiuliza kwa nini kitambaa cha kufunikia kina kola. Mabati yaliyoizunguka yakaondolewa, na hapo ndipo umati ulipomwona rais wa zamani, amevaa sare ya shule, kichwa kimefunikwa kofia ya kitambaa hichohicho.

"Rais ameanza darasa la kwanza!" mtoto mmoja akapiga kelele.

Mgeni rasmi akavuta kamba. Kola ikakaza. Akavuta tena, na vibarua wawili wakamsaidia. Kofia ikadondoka, uso ukaonekana, lakini nguo haikusogea hata kidogo. Shangazi hashoni kitu cha kufumuka. Kamba ikazidi kumkaba Mheshimiwa shingoni, sanamu ikatikisika kwenye jukwaa lake, na kwa ule mkono ulionyooshwa ungesema anaomba msaada. Bwana Itifaki akanijia mbio, jasho limemlowesha koti.

"Piga muziki! Piga chochote!"

Nilipiga cha kwanza kilichokuwapo kwenye mashine. Jana yake nilikuwa harusini. Uwanja mzima ukajazwa na wimbo wa kumkaribisha bwana harusi, na rais akiwa amenyongwa nusu. Nikauzima haraka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Acheni! Mnamuua!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shangazi, na haikuhitaji kipaza sauti. "Ina vifungo! Vifungo viko nyuma!"

Mgeni rasmi akaiachia kamba. "Nani huyo?"

"Fundi," akasema Bwana Itifaki, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

"Basi aje avifungue."

Wakamwinulia kamba, Shangazi akapita chini yake. Alikuwa ameona aibu, mimi namjua. Alikuwa ameshona nguo safi kuliko zote maishani mwake na sasa anachekwa kwa ajili yake. Ngazi ikaletwa, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, goti likakataa. Akajaribu mguu wa pili. Nao ukakataa. Akageuka nyuma, akamwita mjukuu wake.

"Profesa. Njoo mama, panda wewe."

Profesa akatikisa kichwa. Shangazi akamtazama tu. Binti akapita chini ya kamba, akakatiza uwanja wa shule yake huku waliokuwa darasa moja nyuma yake, sasa wako mwaka wa mwisho, wakimwangalia kutoka kwenye mistari yao, akapanda ngazi na kuanza kufungua kifungo cha shingoni. Matundu yalikuwa mapya na magumu, kila kifungo kilitaka muda wake. Mgeni rasmi alikuwa amesimama chini ya ngazi, kando ya kipaza sauti, na nadhani alisema alichosema ili kuziba pengo tu, jinsi wakubwa wanavyozungumza na watoto.

"Binti, unasoma hapa?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Swali likaenda uwanja mzima, mpaka langoni, mpaka ng'ambo ya barabara. Bwana Itifaki akanionyesha kwa vidole nizime. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mimi ni mtu wa kazi, na mteja akisema zima huwa nazima. Nikajifanya naangalia nyaya.

Profesa alikuwa amesita, mkono kwenye kifungo.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Mwalimu mkuu ndiye anayejua."

Uso wa mgeni rasmi ukageuka, na nyuso za uwanja mzima zikageuka nao. Mwalimu mkuu akasimama. Akatafuta leso, nayo ilikuwa mkononi mwake. Akaitazama kamati ya wazazi kwenye viti vya mbele, nayo ikawa inatazama viatu vyake, kwa sababu hakuna mzazi anayetaka kusema kipaza sauti kikiwa wazi anayoyasema kikiwa kimezimwa.

"Ni... ni mwanafunzi wetu, Mheshimiwa. Alikuwa na udhuru kidogo."

"Udhuru umeshaota meno!" Shangazi akadakia, akageuka kumwonyesha mgongo wake, na kitukuu, akiona watu wengi hivyo wanamtazama, akacheka kwa vijino vyake viwili.

Watu wakaangua kicheko, waliokuwa juani na waliokuwa kivulini. Lakini mgeni rasmi hakucheka. Alimtazama mtoto, akamtazama binti juu ya ngazi, akaielewa habari nzima bila kuelezwa.

"Jina lake la mtihani limo?" akamwuliza mwalimu mkuu.

"Litakuwamo, Mheshimiwa."

"Litakuwamo au limo?"

Mwalimu mkuu akavuta pumzi. "Limo," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zangu zote nne, imenyooka, hata mwenyewe akaonekana kama aliyetua mzigo. Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anangoja mtu amlazimishe kufanya jambo alilojua ni sawa, na watu wa namna hiyo ni wengi, hata mimi nimo.

Profesa akamalizia vifungo. Nguo ikashuka taratibu kutoka mabegani, mkono wa nguo ukachomolewa kwenye mkono wa shaba, na Mrefu akasimama pale, mfupi, akimeta. Watu walipiga makofi marefu, na ukiniuliza mimi, si yote yalikuwa ya sanamu.

Kesho yake asubuhi niliwasindikiza. Profesa alipanda kilima polepole, amevaa sare yake. Nilidhani atakuwa na furaha, kumbe ni hofu tupu. Tulipofika langoni akasimama.

"Bibi, watanicheka."

"Watacheka," Shangazi akasema. "Kaa dawati la mbele, wakuchekee mgongoni. Mgongo hauna macho."

Akaingia. Shangazi hakutaka kuondoka. Alisema anapumzisha magoti, akaketi kwenye jiwe nje ya lango na mtoto mapajani, na mimi nikabaki naye kwa sababu sikuwa na harusi siku hiyo. Saa ya mapumziko mtoto alikuwa analia kwa njaa, analia kwa ile hasira ya familia yetu. Profesa akatoka mbio, akaketi kando ya bibi yake, akamnyonyesha huku mlinzi akigeukia barabarani kwa heshima. Wanafunzi kadhaa wakasogea kuchungulia. Ndipo nikamwona mwalimu mkuu anakuja kutoka ofisini, mlinzi akanyoosha shati.

Akafika, akatazama miti kwanza. Kisha akamwambia mlinzi, "Kile kiti cha wageni ofisini kwangu, kilete hapa. Hawezi kuwa anakaa juu ya jiwe kila siku." Akawatawanya waliokuwa wakichungulia, akarudi alikotoka.

"Asante, mwalimu," Shangazi akamwambia mgongoni, na sijui kama alisikia, maana alilisema polepole kama neno la kigeni.

Kengele ikalia. Profesa akafunga vifungo vya shati lake, akambusu mtoto, akamrudisha mapajani kwa Shangazi, akakimbia, sketi ikipiga magoti, anakimbia kama mwanafunzi yeyote anayechelewa kipindi. Shangazi alikuwa analia, waziwazi, bila hata kujifuta. Tulimwona binti akifika kwenye veranda, akafika darasani, mlango ukafungwa, naye yumo ndani.